Nimekwama kwenye hesabu za kuhesabu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, nimeanza masta ya hesabu, supavaiza namuona kwenye simu tu. Kanipa kombinatoriki ya kuhesabu (yaani kutafuta idadi ya njia za kupanga au kuchagua vitu), nikajisemea aa, kuhesabu si hata chekechea wanahesabu, sasa nina wiki 3 na kitabu cha Stanley cha mada hiyo, Enumerative Combinatorics, juzuu ya kwanza na maswali ya sura ya kwanza yamenishinda. Nibadili mada au ndo kichwa kigumu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hebu cheki pembeni ya kila swali, kuna namba kwenye mabano, 1 jepesi, 3 gumu, 5 maana yake wakati kitabu kinaandikwa hakuna aliyekuwa amelitatua, usije ukawa unakesha na la 5 halafu unajilaumu bure.

Alafu funga kitabu, nenda Kibirizi. Mama anauza fungu la dagaa 500, kaanza bila chenji. Wateja 6 wako foleni, 3 wana sarafu ya 500 na 3 wana noti ya 1,000. Foleni ngapi hazimkwamishi mama? Foleni zote ni 20 (tunaangalia nani kashika nini, majina hayatuhusu), ziandike zote kwa mkono usione uvivu, utapata 5. Wateja 2 kwa 2 (wawili wa 500, wawili wa 1,000) zinapatikana 2, 4 kwa 4 ni 14, kisha 42, 132, ndo namba za Catalan hizo, na ukikata umbo la pembe 5 kuwa pembetatu bila mistari kukatana nako unakuta njia 5.

Utamu uko kwenye kwa nini. Shika foleni mbovu, ile inayomkwamisha mama, kuanzia mwanzo mpaka yule mteja aliyemkwamisha mama geuza kila 500 iwe 1,000 na 1,000 iwe 500, wa nyuma waache. Sasa una 500 nne na 1,000 mbili, foleni za hivyo ni 15 na kila moja imetoka kwenye foleni mbovu moja tu, basi 20 toa 15. Huko kulinganisha moja kwa moja ndo baijeksheni, nusu ya masta yako ni hiyo.

Fankisheni za kuzalisha (kufunga mfuatano mzima wa namba kwenye fomula moja) zije baadae, kitabu cha Wilf kipo bure mtandaoni na mi naona kina huruma kuliko cha Stanley. Mada usibadili kwanza. Fanya 4 kwa 4 mwenyewe, foleni zote 70, ukipata 15 badala ya 14 kuna foleni umeihesabu mara mbili au umepitisha mbovu.