Taja lita kwanza

Barua za safari hii karibu zote ni za sikilidi, ukoo wa akina sato na perege, ila hawa ni wale wakorofi wa kufugwa kwenye vioo. Wengi mmetaja rangi ya samaki mkasahau ukubwa wa tangi. Zilizotaja nimezijibu, pamoja na mbili tatu zilizonikera.

*Nina oska wa sentimita 15 na tetra wa neoni kumi na wawili, wale wadogo wanaong'aa. Wamebaki wanne na sioni mizoga. Ni ugonjwa gani?*

Ni njaa, na si ya tetra.

*Tangi langu ni la lita 100. Nina mbuna sita, kila mmoja wa aina yake. Auratus, yule wa milia, amewatia wenzake adabu mpaka hawali. Nimletee mwenzake wa kumtuliza?*

Umletee wa saba wa kupigwa? Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Dume hushika pango lake akalilinda, na aliyeshindwa huogelea mita chache tu akawa salama. Kwenye lita 100 hizo mita hazipo. Mnyonge anakimbia, anafika kwenye kioo, anarudi palepale kupigwa tena.

Nami niliwahi kumfuga auratus nikijidanganya kwamba atapoa akizoea. Asubuhi moja nikamkuta jike amejibanza kona ya juu, nyuma ya hita, mkia umebaki miiba mitupu. Pale ndipo mahali pekee ambapo dume alikuwa hamwoni. Ukimwona samaki amejificha hapo, mtoe saa hiyohiyo.

Kwa mbuna mimi naanzia lita 250, na nataka tangi liende kwa urefu, sentimita 120 au zaidi. Kwenda juu hakuwasaidii. Panga mawe mengi yenye mapango, na uyakalishe kwenye sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, maana hawa wanachimba, na rundo likiporomoka kioo kinapasuka. Dume mmoja apate majike watatu au zaidi. Usichanganye aina mbili zenye milia inayofanana, kwa sababu dume huanza na yule anayefanana naye.

Halafu wajaze. Ndiyo, wajaze: wakiwa ishirini kipigo kinagawanyika, wakiwa sita kinamwangukia mmoja. Ila msongamano huo unataka filta kubwa na kubadilisha theluthi ya maji kila wiki, la sivyo utakuwa umewaokoa na meno ukawaua kwa amonia, sumu ya uchafu wao wenyewe. Siku ya kuingiza wageni, pangua mawe yote uyapange upya, ili wenyeji nao waanze kutafuta kwa kulala.

Auratus mrudishe ulikomnunua na uanze na Labidochromis caeruleus, yule wa njano, ambaye ana staha kiasi. Usije ukamtupa mtoni wala ziwani. Sangara waliotiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 walichangia kufuta aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, na furu nao ni sikilidi.

*Oska na mbuna wanaweza kukaa tangi moja?*

Hapana. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Oska ni wa Amazon, anazoea maji laini, yaani yenye madini machache, na anakula wadudu na samaki. Mbuna anataka maji magumu, yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu na 8, na wengi wao ni walaji wa mwani. Ukimshindilia minofu tumbo linavimba na anakufa. Msisitizo wenu wa "lakini kwa jirani wanaishi" unamaanisha tu kwamba bado hawajafa.

*Sikilidi wangu wawili aina ya konvikti wametaga ndani ya chungu na wamewasukuma wengine wote kona moja. Wamechanganyikiwa?*

Wana akili timamu, wanalea. Watenge kwa kizuizi chenye matundu, au wahamishe hao wengine, leo. Na ufikirie mapema vifaranga utavipeleka wapi, kwa sababu wakimaliza kulea hawa watataga tena, na tena.

*Nimtafutie oska wangu pleko, yule kambare wa kulamba vioo, wa kusafisha tangi?*

Nani aliwafundisha neno hili "wa kusafisha"? Samaki hasafishi tangi, analichafua. Pleko wa kawaida anavuka sentimita 30, na kinyesi chake utakikuta kimetanda mchangani kama nyuzi zilizofumuka. Wapo pia wanaozoea kulamba ute kwenye ubavu wa oska usiku na kumwachia madonda. Msafishaji ni wewe na mpira wako wa kunyonya maji.

Kama shida ni upweke, na tangi ni kuanzia lita 400, tia Metynnis watano au sita, wale bapa wa rangi ya fedha, wakiwa wakubwa kiasi cha kutoingia mdomoni. Wana mbio, na oska hupungukiwa woga akiwaona wanaogelea wazi. Mimea isahau, wataila yote.

*Dume wa Amphilophus labiatus, yule sikilidi mkali, sentimita 25, lita 300. Akae na nani?*

Na wewe, upande wa pili wa kioo.