Ukiumwa kichwa, sema

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani namenya ming'oko. Unasema ofisini mmejiandikisha watu tisa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano, na mnataka mwe kileleni alfajiri ya tarehe 9 Desemba. Kisha umeniuliza mawili. Je, mtoto wa pwani, ambaye barafu anayoijua ni ile ya ukwaju ya kwenye kifuko, ataweza? Na mbona mimi ninayejisifu kila siku kuwa nimepanda mlima, cheti changu hamjawahi kukiona?

Nianze na hilo la pili.

Cheti hamjakiona kwa sababu sina. Kwa njia ile ya Marangu, cheti unaanza kukistahili ukifika Gilman's Point, mita 5,685, pale ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano la juu. Mimi nilirudishwa usiku kwenye pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi. Nilikuwa na miaka 26, muuguzi kijana nafanya kazi Moshi, nina nguvu za kumgeuza mgonjwa kitandani peke yangu. Kichwa kilianza kuniuma Horombo, kituo cha pili cha kulala. Nikajiambia ni jua la mchana, nikameza panadoli mbili, sikumwambia mtu. Asubuhi chai ikanishinda, nikasema nimeshiba. Muuguzi mzima, kazi yangu kuuliza watu "unaumwa wapi?", nadanganya kwa sababu ya kikombe cha chai! Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, nilitapika nyuma ya choo, nikafukia kwa kiatu, nikarudi nacheka na wenzangu.

Ilikuwa aibu tu. Kundini nilikuwa mtu wa Kusini peke yangu, na njia nzima walinitania: wala korosho na baridi wapi na wapi? Nikaapa nitawaonyesha.

Tuliondoka Kibo karibu na saa sita usiku. Pangoni tukapumzika, na kiongozi wetu, mzee wa Kichaga asiyependa maneno mengi, akawa anatupitia na kurunzi mmoja mmoja. Aliponifikia hakuniuliza kama ninaumwa. Alichora mstari mchangani kwa fimbo, urefu wa mkeka hivi, akasema, "Dada, pita juu yake, kisigino kiguse vidole." Hatua ya kwanza nikaiweka. Ya pili nikaiweka. Ya tatu nimeupeleka mguu mbele, wenyewe umekwenda kushoto. Nikacheka, nikaanza upya. Kushoto tena. Mzee akamwita msaidizi wake: "Shuka naye mpaka Horombo. Kibo mchukue mzigo tu, msikae."

Nilimtolea maneno ambayo siwezi kukuandikia hapa. Lakini tulipofika Horombo asubuhi, kichwa kilikuwa kimeniachia kabisa, nikala sahani mbili za wali. Baadaye, kazini, ndipo nilipoelewa vizuri kile kilichokuwa kinanitokea. Mtu akianza kupepesuka kule juu, ubongo umeanza kuvimba. Ukimwacha alale "apumzike kidogo", huenda asiamke. Mapafu nayo yana yao: hujaa maji, mtu akahema hata akiwa amekaa, akakohoa mapovu, pengine yenye damu. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni ya chupa na sindano ni za kukusaidia ushuke, si za kukufanya uendelee kupanda.

Sasa swali lako la kwanza. Kuzaliwa pwani hakukuharibii kitu. Watalii wengi wanaofika kilele cha Uhuru nao wametoka miji ya chini kama sisi. Hewa ya kule ina oksijeni ileile asilimia 21 kama ya hapa Mikindani. Kilichopungua ni mgandamizo wake. Kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata hapa. Mwili unaweza kuzoea kiasi, lakini unataka siku. Wala haujali kwamba unacheza mpira kila Jumamosi. Kwa kweli vijana wenye nguvu ndio walionitia shaka zaidi, maana miguu yao huwafikisha juu kabla damu haijajipanga.

Ndiyo maana hizo siku tano zenu sizipendi. Hesabu mwenyewe: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Kila siku mnaruka mita elfu, kisha usiku mmoja mnatakiwa mpande nyingine 1,175. Ongezeni siku ya sita, mlale Horombo mara mbili. Ile siku ya katikati mnapanda mpaka miamba ya mistari wanayoiita Zebra, au zaidi, mnarudi kulala palepale chini. Najua gharama inaongezeka, ada za hifadhi zinakwenda kwa siku. Kama hela ndiyo kikwazo niambie, korosho za mwaka huu hazikunitupa sana.

Na hiyo tarehe. Najua mnamfuata Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge pale juu usiku wa Uhuru, 1961. Ni jambo zuri, hata mimi machozi hunilengalenga nikilifikiria. Lakini mkishajifunga kwamba lazima iwe tarehe 9, kuna mmoja wenu ataficha kichwa chake ili asiwaharibie wenzake. Namjua, nilikuwa yeye. Kubalianeni kabla hamjaondoka Dar kwamba anayeumwa anasema, na atakayeshuka hatataniwa mpaka mwisho wa mwaka.

Kuna dawa, Diamox, watu humeza ili mwili uzoee haraka. Wewe usiinunue dukani kimyakimya. Ulipokuwa na miaka minne ulipewa Septrini, midomo ikavimba kama umeng'atwa na nyuki, na Diamox nayo iko kwenye ukoo wa salfa. Si lazima ikudhuru, ila daktari ajue hilo kabla hajakuandikia. Wenzako watakaomeza waambie wasishtuke vidole vikiwachoma kama sindano na mkojo ukiwa mwingi.

La malaria naliandika peke yake kwa sababu viongozi wa mlimani wanaweza wasiliwaze. Wewe utakuwa umetoka kwetu huku wiki mbili tu kabla, umelala kwa bibi yako bila chandarua kama kawaida yako. Kichwa na kutapika ni vya mlima, ni vya malaria pia. Lakini homa kali ya kutetemeka usiisingizie mlima. Pima kabla ya safari, na mwambie kiongozi ulikotoka.

Mazoezi: nenda Newala, pale Shimo la Mungu, ushuke mteremko ule na begi lenye kilo nane, upande tena. Uwanda wenyewe wa Makonde hauvuki mita 1,000, kwa hiyo mapafu hayatajua kitu. Ni ya miguu na viatu tu. Viatu uvivae kuanzia sasa, hata sokoni, wakucheke. Koti zito, glovu na mfuko wa kulalia mtapata vya kukodi Moshi, na kwenye mitumba ya soko la Memorial unaweza kuokota sweta la sufu kwa bei ya kitenge.

Theluji yenyewe isikutishe. Kwa njia hiyo hupandi ukuta wa barafu. Kinachochosha ni changarawe ya volkano kati ya pango na Gilman's, unapiga hatua mbili inakurudisha moja, kama kupanda fungu la mchanga pale Msimbati. Ndiyo sababu mojawapo ya kuondoka usiku, baridi inakuwa imeigandisha kidogo. Miwani ya jua usiisahau, mwanga ukipiga kwenye weupe ule unaunguza macho. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, maana maji huanza kuganda upande wa juu, na ukiiweka hivyo mdomo wake hautazibwa. Mrija wa kunyonyea maji kutoka begini utaganda, usiutegemee. Simu iweke kifuani, ndani ya nguo, baridi inamaliza chaji hujapiga hata picha moja.

Wabeba mizigo, kule wanajiita wagumu, wasalimie kwa majina. Hifadhi imeweka kilo 20 za mzigo kwa kila mmoja. Ukiona mwenzako anachomeka spika ya muziki kwenye begi la mtu mwingine, mkemee. Na kiongozi akikuambia geuka, geuka. Matusi mengine nilishayamaliza mimi.

Nimempa konda wa basi la kesho kifurushi: korosho za kukaanga zenye chumvi, tangawizi kavu, na ile kofia yangu ya sufu ya kufunika masikio. Ina tundu moja kisogoni, lizibe.

Wanasema siku hizi hata Horombo kuna intaneti. Ukifika pale usinitumie picha. Nitumie sauti, uongee hata dakika moja, uniambie mmekula nini na umemaliza sahani au hukumaliza. Nataka nisikie unavyopumua.

Mama yako