Kalori za safari ya Malindi hadi Gede: kwa nini simu na saa hazipatani

Ndugu yetu aliyeuliza ana uzito wa kilo 80, huendesha baiskeli kutoka Malindi hadi Gede kwa muda wa saa moja hivi, na anashangaa kwamba programu ya simu humwandikia kilokalori 544 ilhali saa ya mkononi humwandikia karibu 900. Nami huipita barabara hiyo hiyo, na kwa maoni yangu simu iko karibu zaidi na ukweli, ingawa nayo ina kasoro zake.

Simu hutumia kizio kiitwacho MET, kinachoeleza kazi ya mwili ni mara ngapi ya ile ya kupumzika. Kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa, jedwali la vizio hivyo hutoa MET 6.8, zidisha kwa kilo 80 na kwa saa 1, utapata 544. Humo mna kilokalori 80 hivi ambazo angezitumia hata kama angebaki ameketi barazani, kwa hiyo zilizoletwa na safari yenyewe ni kama 460.

Kasoro kubwa ni kwamba simu huona mwendo, haioni upepo. Kwetu hilo ni jambo zito mno, hasa msimu wa kusi, ambapo anayeelekea Gede hupambana na upepo wa mbele na wa ubavuni. Ukienda kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kasi hiyo hiyo, hewa hukukabili kwa kasi maradufu, na nguvu yake ya kukuzuia huwa mara nne ya ile ya siku shwari. Shati lililofunguliwa vifungo, likijaa upepo kama tanga, huongeza mzigo huo waziwazi. Lifunge, utahisi miguuni. Upepo wa kurudi hausawazishi hesabu, kwa kuwa wakati wa kwenda hutumia dakika nyingi zaidi ukipambana nao. Uzito wa mwili, kinyume chake, una athari ndogo katika barabara tambarare kama yetu kuliko jedwali linavyodai, na ndiyo maana watu wazito huandikiwa kalori nyingi kupita kiasi.

Ama saa ya mkononi, hiyo hukisia kwa mapigo ya moyo. Jua likishapanda, moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, mapigo yakaongezeka ilhali miguu inafanya kazi ile ile ya alfajiri. Saa huhesabu joto la Malindi kuwa ni juhudi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile cha wati kinachofungwa kwenye pedali. Wati 100 kwa saa nzima ni kilojuli 360. Na kwa kuwa mwili hufikisha pedalini takriban asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati unayotumia, na kilokalori 1 ni kilojuli 4.184, idadi ya kilojuli zilizofika pedalini hukaribiana na ya kilokalori ulizotumia. Lakini kifaa hicho ni ghali, na asiyeshindana hakihitaji.

Asiyekuwa nacho na achague MET kwa pumzi badala ya mwendo: 6.8 akiwa anazungumza bila taabu, 8 akianza kuhema, 10 akishindwa kumaliza sentensi, kisha atoe 1, ile ya kupumzika, kabla ya kuzidisha kwa kilo na saa. Na anayepanga chakula chake kwa hesabu hii asile kalori zote alizoandikiwa, bali aanze na nusu yake, aangalie mizani kwa wiki kadhaa, ndipo arekebishe.