Ndege nyuki, kamera kali na kozi ya wiki mbili

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemaliza kidato cha sita, naishi Igoma, Mwanza. Nina ndege nyuki yenye kamera kali, huwa napigia picha za harusi. Kuna kozi ya wiki mbili ya upelelezi wa anga, laki nne na nusu. Wanasema cheti chake kinakuingiza moja kwa moja kikosi cha upelelezi cha jeshi. Kamera hii itatosha, au ninunue nyingine kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamera usinunue, na hiyo laki nne na nusu kaa nayo.

Nimefasiri picha za anga kwenye upimaji ardhi miaka mingi, na maswali yenu yote huwa ni ya kamera. Hakuna anayeuliza picha ikishatua inatazamwa na nani. Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na kituo chao cha kufasiri picha za anga huko Medmenham, Uingereza. Rubani akirudi na filamu, wafasiri wa awamu ya kwanza walitoa taarifa ndani ya saa chache, wa pili ndani ya siku moja, wa tatu walibaki wakichimba jambo moja tu: meli, reli, viwanja vya ndege. Mwaka 1943, aliyeitambua V-1, bomu la kuruka la Wajerumani, kwenye picha ya Peenemünde, walikokuwa wakijaribia silaha zao, kidoa kidogo mno, ni Constance Babington Smith. Kabla ya vita alikuwa mwandishi wa habari za ndege. Hakuirusha ndege iliyopiga picha ile. Aliikalia mezani na lenzi.

Kuna kijana alinijia na cheti cha kozi kama hiyo, kimepigwa laminesheni. Nikampa picha ya mwalo mmoja hapa ziwani. "Mabati," akasema. Walikuwa dagaa wameanikwa! Paa la bati hutupa kivuli upande mmoja. Dagaa waliolala mchangani hawana kivuli, na hapo kando mitumbwi imevutwa, vijia vya miguu vinapanda kutoka majini. Nikamwonyesha kisiwa kwenye picha ya asubuhi ambacho jioni hakipo. Akakuna kichwa. Ni magugu maji, upepo umeyahamisha. Ndiyo maana eneo hupigwa picha tena na tena.

Wazee wa Mwanza wanakumbuka Machi 1979, wakati wa vita na Idi Amin: ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, ilikuja kulenga maghala ya mafuta, ikaishia kuua swala kisiwani Saanane. Ndege walikuwa nayo, lakini ndege peke yake haitoshi.

Matapeli hawa hawaishii kwenye vyeti vya jeshi. Wapo wanaowazungukia wachimbaji wadogo wakidai ndege nyuki yao inaona dhahabu chini ya ardhi. Kamera ya harusi huona majani na udongo wa juu, basi. Anayekuonyesha "mwamba wa dhahabu" kwenye simu, mwombe akuonyeshe kwanza dagaa.

JWTZ hutangaza nafasi zake lenyewe, wala haliuzi cheti cha kuingilia. Unaipenda kazi hii kweli? Soma jiomatiki, yaani taaluma ya upimaji ardhi na ramani, Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha.

Halafu, hizo harusi unazorushia, kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, unacho?