Mwanangu, hukulia, na bado unafaa

Bagamoyo, Jumapili mchana

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila kusi inavuma kweli na samaki wamepanda bei. Bibi yako anakusalimu. Leo kanywa uji kikombe kizima.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema mtoto wa miaka sita amefariki wodini kwenu. Wenzako wa mazoezi wakatoka nje kulia, wewe ukabaki ukamfunika, ukakaa na mama yake mpaka ndugu walipofika, kisha ukajaza chati. Halafu ukaniuliza: "Mama, mwalimu anasema uuguzi ni sanaa, na mimi sikutoa hata chozi. Au nina moyo wa jiwe, sifai kazi hii?" Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungesema tu "sawa mama" ukakata.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mbali na hapa, nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Kitanda cha tatu alikuwapo mama aliyefiwa na kichanga. Nikakaa kitandani pake, nikamshika mkono, tukalia wote, na wallahi nilijiona ndiye muuguzi hasa. Kitanda cha nne kulikuwa na mzazi aliyejifungua muda si mrefu, kalala kimya, kajifunika kanga. Kila nikimtupia jicho naona kanga safi. Akapita mkunga wetu mkubwa, mama mmoja wa maneno machache. Hakuuliza kitu, akapenyeza mkono chini ya kiuno cha yule mzazi. Mkono ukatoka mwekundu mpaka kwenye kifundo.

Damu, baba, haipandi juu ya kanga ili uione. Inatambaa chini, inatuama kwenye mpira wa godoro, na mwenyewe ukimuuliza atakwambia nimechoka tu. Yule mkunga akaweka kiganja tumboni mwa mzazi, akakuta mfuko wa uzazi umelegea kama donge la chapati, akaanza kuusugua huku ananituma sindano. Ulipokaza akauvuta mkono wangu akaubandika pale. "Gusa. Uwe mgumu hivi, kama dafu." Mzazi alipona. Mimi nikaambiwa neno moja tu, tunanawa mikono: "Machozi yalikuziba macho."

Sikuacha kulia baada ya hapo, nimelia miaka yote. Lakini kwanza napenyeza mkono chini ya kiuno.

Hiyo sanaa anayoisema mwalimu wako, mimi naijua kwa namna hii. Ukimaliza kuhesabu mapigo ya mgonjwa, usiuachie mkono. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu, macho yapeleke kifuani, hesabu pumzi dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 mpaka 20. Ukimwambia "nahesabu pumzi zako" ataanza kupumua kwa adabu kama mtoto anayepigwa picha, na utaandika uongo bila kujua.

Na yule bibi wa taa mnayemwashia mishumaa kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, Florence Nightingale, kile kiapo cha wauguzi chenye jina lake hakukitunga yeye. Kilitungwa Marekani mwaka 1893 kwa kumuenzi. Yeye alikuwa mtu wa hesabu. Alipokwenda kuuguza askari wa Vita vya Crimea mwaka 1854 alikuta maradhi yanaua wengi kuliko majeraha. Aliporudi Uingereza akazipanga takwimu za vifo, akazichora mpaka wakubwa wakaelewa. Taa ilikuwa ya kumulikia wagonjwa usiku, si ya sherehe. Hata Sewa Haji wetu, mfanyabiashara wa hapa Bagamoyo ambaye jina lake liko kwenye jengo moja la hospitali ya Muhimbili, alitoa fedha zake watu watibiwe, na sijasikia popote kama alikuwa mtu wa kulia.

Mimi macho makavu hayanitishi. Kinachonitisha ni presha za kupika, zinazoandikwa bila kumpima mgonjwa. Nimewahi kupokea zamu nikakuta chati za wodi nzima zimeandikwa 120/80, kitanda cha kwanza mpaka cha kumi na mbili, na aliyeandika kalala fofofo kwenye kiti. Huyo ningemwambia arudi nyumbani akauze maandazi, hata kama analia kila msiba. Mwenye kauli chafu kwa wazazi naye aende naye. Siri za wodini sikufundishi, umekulia mji ambao ukipiga chafya Magomeni, Dunda wanakuombea afya.

Ila na wewe nikuonye. Siku utakayojisikia unasema "yule wa kitanda cha sita" badala ya jina la mtu, hata ukiwa peke yako, omba ruhusa upumzike. Na yule mtoto, tafuta mtu wa kumsimulia, sister wa zamu au mwenzako aliyelia. Usiubebe mzigo huo peke yako. Hukulia, sawa, lakini ujumbe wako uliingia saa nane usiku. Mwenye moyo wa jiwe saa hiyo anakoroma.

Bibi yako namgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu huu, na mto katikati ya magoti. Mpaka leo hana hata kidonda kimoja cha kulalia, na majirani wanadhani ni mafuta ya nazi. Ukija Idi niletee saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Yangu imekufa, na pumzi zake nazihesabu kwa simu, nikifika kumi na nne kioo kinazima.

Mama yako