Tuzo ya Beki, Wanabeba Wafungaji

Barua zimefurika, na nusu yake zinauliza kilekile. Nachukua chache, karibu zote za tuzo ya Patty Kazmaier, ile anayopewa kila mwaka mchezaji bora wa kike wa hoki ya barafuni katika vyuo vikuu vya Marekani.

Kwa nini Hilary Knight hajawahi kuipata, wakati ndiye bora duniani? (Arusha)

Nasema tena, na sitaki kurudia: hii si tuzo ya dunia. Ni ya daraja la kwanza la vyuo, na unaopimwa ni msimu mmoja tu. Knight alipita Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaikosa. Marie-Philip Poulin alipita Boston University, naye akaikosa, na huyo ndiye aliyefunga bao la ushindi katika fainali za Olimpiki za 2010, 2014 na 2022.

Ni kweli tuzo ina jina la Patty kwa sababu baba yake alikuwa maarufu? (Dodoma)

Baba mtu, Dick Kazmaier, alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani vyuoni, mwaka 1951, na wengi hawavuki hapo. Patty alikuwa na yake. Aliichezea hoki Chuo Kikuu cha Princeton miaka ya themanini, akawa mchezaji bora wa ligi yao mwaka 1986. Alifariki Februari 1990 kwa ugonjwa adimu wa damu, akiwa na miaka 28. Tuzo ilianza kutolewa 1998. Na alikuwa beki. Liweke hilo akilini, tunakuja.

Kipa anaweza kushinda kweli? (Mombasa)

Anaweza. Hadi 2025 tuzo zimetoka 28, makipa wamepata nne: Ali Brewer, Jessie Vetter, Ann-Renée Desbiens na Aerin Frankel. Ila muulize Desbiens habari za 2016. Msimu ule alimaliza mechi 21 bila kuruhusu bao hata moja, rekodi ya vyuo. Tuzo ikaenda kwa Kendall Coyne, aliyekuwa na mabao 50. Sisemi Coyne hakustahili, mabao 50 si mchezo. Nauliza tu: kipa afanye nini zaidi ya kutofungwa? Desbiens ilibidi arudi mwaka uliofuata ndipo wakampa.

Mabeki ndio usiseme. Tuzo ina jina la beki, na hadi 2025 mabeki walioibeba ni wawili tu: Angela Ruggiero mwaka 2004 na Sophie Jaques wa Ohio State mwaka 2023, mchezaji wa kwanza mweusi kuipata. Na Jaques alionekana kwa nini? Alifunga mabao 24! Yaani beki atambuliwe ubeki wake, sharti kwanza afanye kazi ya washambuliaji. Yule anayemsukumia mpinzani ukutani, akatoa pasi ya kwanza na kurudi benchi anahema, hana namba ya kuandikwa gazetini.

Lazima uwe Mmarekani? (Kigali)

Hapana. Jennifer Botterill ni Mkanada, na ndiye pekee aliyeichukua mara mbili, 2001 na 2003.

Tuko Minnesota, binti yangu ana miaka tisa na anateleza vizuri. Kuna mtu anasema kwa malipo kidogo atamtengenezea njia ya ufadhili wa hoki Harvard. Nimwamini?

Mama, funga pochi. Harvard imetoa washindi wa tuzo hii mara sita, lakini vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe lenye Harvard na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Msaada wao unaangalia hali ya familia, si mabao. Huyo anakuuzia kisichokuwepo. Pesa hiyo mnunulie viatu vya kutelezea vinavyomtosha sasa hivi, si vya kukulia, maana kifundo cha mguu kikicheza ndani ya kiatu mtoto hatageuka vizuri. Na madaftari yake yakague: maendeleo ya masomo ni moja ya vigezo vya tuzo yenyewe.

Kile kisahani cha mpira wanakigandisha kabla ya mechi? (Tanga)

Ndiyo, ili kisidundedunde.