Masizi na moshi kwa vichwa vya kumimina

Ndugu, umeuliza baruti gani itakupunguzia moshi na masizi kwenye rivolva yako ya .38 Special (aina ya risasi za rivolva), kwa vichwa vya risasi ulivyomimina mwenyewe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kabla hujabadilisha baruti, angalia nta unayopaka kwenye vichwa hivyo ili viteleze ndani ya mtutu. Moshi mwingi hutoka huko. Vichwa vilivyopakwa polima badala ya nta hutoa moshi kidogo sana, na mimi sirudi tena kwenye nta.

Masizi kwenye maganda, yaani vikopo vinavyobeba baruti, ni habari nyingine. Baruti huungua vizuri ikipata shinikizo lake. Baruti iitwayo Unique, kwa mfano, ikijazwa kidogo mno huacha chembe ambazo hazijaungua. Kwa risasi nyepesi, yaani zenye baruti kidogo, chagua baruti inayoungua haraka. N320 ya Vihtavuori, kutoka Ufini, ni safi kweli, ndiyo ningeanza nayo. Baruti ya Titegroup nayo ni safi, ila joto lake ni kali na hujaza sehemu ndogo tu ya ganda. Ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya huenda usigundue, na silaha ikakupasukia mkononi. Nakusihi, mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Vipimo vya baruti vitoe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, uanzie cha chini kabisa.